Hawakuchagua Makasri: Tunavyowasoma Vibaya Wachoraji Wanawake wa Karne ya 19

Kwa miaka michache sasa makumbusho makubwa ya Ulaya yamekuwa yakitoa stoo picha zilizochorwa na wanawake na kuzitundika ukumbini. Mjini Paris, Musée d'Orsay ilimfanyia Rosa Bonheur maonyesho makubwa kuanzia Oktoba 2022, miaka 200 baada ya kuzaliwa kwake. Mjini London, Royal Academy, chuo cha sanaa cha Uingereza, ilimwonyesha Angelica Kauffman kuanzia Machi 2024, na miezi miwili baadaye Tate Britain ikafungua maonyesho ya wanawake zaidi ya 100 waliochora Uingereza kati ya mwaka 1520 na 1920. Mjadala uliofuata una kambi mbili. Kambi ya kwanza inashangilia: vipaji vilivyokuwa vimefichika vimegunduliwa. Kambi ya pili inanung'unika kwamba hii ni siasa iliyovikwa nguo za sanaa, kwa kuwa picha nyingi zilizotundikwa ni za kawaida tu: ziwa na miti, kasri juu ya mwamba, bibi wa kitajiri amekaa kwenye kiti. Wanasema lau zingechorwa na mwanamume, zingebaki stoo.

Naona kambi zote mbili zimekosea, tena zimekosea mahali pamoja. Zote zinazungumza kana kwamba mwanamke wa karne ya 19 alisimama mbele ya uwanja mzima wa sanaa, kila njia iko wazi, kisha kwa hiari yake akachagua kuchora kasri. Hakuchagua hivyo. Mandhari, makasri na sura za watu ndiyo kazi iliyobaki mezani baada ya kazi nyingine kuondolewa, na waliomwondolea walikuwa watu wenye majina, vikao na kanuni zilizoandikwa. Ila kwenye kazi hiyo iliyobaki, wengi wa wanawake hawa walikuwa mafundi wa kulipwa, wenye wateja, wenye wanafunzi, wenye jina mjini. Kuuliza kama walikuwa magwiji kabla ya kuuliza nani aliwazuia, nani aliwalipa na jina la nani liliandikwa chini ya picha ni kuanza hesabu katikati.

Tuanze na jinsi mlango ulivyofungwa, maana wengi huusikia ukitajwa bila kuelezwa. Vyuo vya sanaa vya Ulaya vilipanga picha kwa madaraja. Juu kabisa zilikaa picha za kihistoria: visa vya Biblia, miungu ya Ugiriki, vita, vifo vya wafalme. Chini yake zilikuja picha za sura za watu, kisha maisha ya kila siku, mandhari, wanyama, maua na matunda. Heshima, medali, zabuni za serikali na bei kubwa vilifuata mpangilio huo. Sasa, picha ya kihistoria hujaa miili: askari anayeanguka, mtume aliyenyoosha mkono, mama anayepiga magoti. Haichoreki bila kuujua mwili wa binadamu, na mwili haujuliwi ila kwa kukaa miaka mbele ya mtu aliyevua nguo na kumchora, mfupa kwa mfupa, misuli kwa misuli. Darasa hilo ndilo wanawake walilokatazwa, kwa hoja ya heshima na adabu. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kanuni inayosema mwanamke asichore vita. Ilitosha kumnyima darasa moja, yaliyobaki yakajipanga yenyewe.

Royal Academy ya London ilipoanzishwa mwaka 1768, wanawake wawili walikuwamo kati ya waanzilishi: Angelica Kauffman na Mary Moser. Miaka michache baadaye mchoraji Johan Zoffany aliwachora wanachama wa chuo hicho wamekusanyika kumzunguka mwanamume aliyekaa uchi kama kielelezo cha darasa. Kauffman na Moser hawamo chumbani. Wamewekwa ukutani, nyuso mbili ndani ya fremu, kwa sababu haikufaa waonekane wakimtazama mtu yule. Waanzilishi wa chuo wamegeuzwa kuwa mapambo ya chuo. Baada ya hao wawili hakuna mwanamke aliyechaguliwa kuwa mwanachama kamili hadi Laura Knight mwaka 1936. Shule ya chuo hicho nayo haikumpokea mwanafunzi wa kike hadi 1860, na yule wa kwanza, Laura Herford, alipita kwa kuwa kazi zake alizitia herufi ya kwanza ya jina lake tu na wakubwa wakadhani ni mwanamume. Mwaka mmoja kabla yake kundi la wanawake, mchoraji wa mandhari Barbara Bodichon akiwamo, lilikuwa limewasilisha ombi rasmi la kufunguliwa shule hiyo. Darasa la mwili liliwafungukia wanawake mwaka 1893, na bado kielelezo alitakiwa ajifunike sehemu. École des Beaux-Arts, chuo cha sanaa cha Paris, ilisubiri hadi 1897. Karne nzima ya 19, karibu yote, ilikwisha hivyo.

Mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, Linda Nochlin, aliliweka jambo hili wazi mwaka 1971 katika insha yake mashuhuri kuhusu kwa nini hakukuwa na wasanii wakubwa wanawake, na hoja yake kuhusu taasisi haijapata mtu wa kuivunja. Lakini insha ile inaeleza zaidi picha ambazo hazikuchorwa. Mimi nataka tutazame zile zilizochorwa, maana ndizo zinazotundikwa sasa na ndizo zinazodharauliwa.

Chukua familia moja ya Edinburgh, Uskoti. Alexander Nasmyth alizaliwa mwaka 1758, akafunzwa London na Allan Ramsay, akarudi kwao kuchora sura za watu. Sura ya mshairi Robert Burns tunayoijua leo ni ile aliyoichora Nasmyth mwaka 1787. Baadaye misimamo yake ya kutaka mageuzi ya kisiasa iliwaudhi wakubwa waliokuwa wakimpa kazi, akageukia mandhari, akawa mtu ambaye wachoraji wa Uskoti waliomfuata walimhesabu kuwa baba wa fani hiyo nchini mwao. Alikuwa na mabinti sita: Jane, Barbara, Margaret, Elizabeth, Anne na Charlotte. Wote sita wakawa wachoraji. Ndugu yao James, yule mhandisi aliyebuni nyundo ya mvuke, alichapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1883, na humo ameeleza jinsi nyumba yao ya mtaa wa York Place ilivyoendeshwa. Baba alitaka kila mtoto, wa kiume na wa kike, aweze kujitegemea akikua. Akaanzisha madarasa ya uchoraji nyumbani, akayaweka mikononi mwa mabinti wakiwa chini ya usimamizi wake. Walifundisha ndani, wakatoka na wanafunzi kuchora viunga vya mji, wakauza picha zao wenyewe. Mapato yao yalisaidia kuiendesha nyumba wakiwa kwa wazazi, na yakawatunza walipoondoka. Wanne kati yao, Jane, Barbara, Margaret na Charlotte, hawakuolewa kabisa. Baba alipofariki mwaka 1840 walihamia Uingereza na kuendelea kuchora. Waliishi kwa brashi.

Ukishaijua habari hiyo, kasri linaanza kusomeka vingine. Uskoti ya miaka ile ilikuwa na soko kubwa la makasri. Shairi refu la Walter Scott kuhusu mwanamke wa ziwani lilitoka mwaka 1810 na kuwapeleka wageni kwa wingi kwenye ziwa Katrine. Mwaka 1822 mfalme George IV alizuru Edinburgh kwa shamrashamra zilizopangwa na Scott huyohuyo, na kila kitu cha Uskoti kikawa na bei. Wenye ardhi walitaka kuona ngome za babu zao ukutani, na wageni walitaka kurudi nyumbani na kipande cha nchi ile, yaani mnara, maji, mwanga wa jioni. Akina dada wa Nasmyth waliliuzia soko hilo, kwenye maonyesho ya Edinburgh, Manchester na London. Kuita kazi hiyo burudani ya mabinti wa nyumbani ni kutoisoma historia ya uchumi wa mji wao. Mabinti wa matajiri waliochora kupitisha muda walikuwapo, wengi tu. Hao ndio waliokuwa wakilipa ada kwa akina Nasmyth.

Wala kasri si jambo dogo kulichora. Mchoraji anapaswa kujua ukuta unavyopungua kadiri unavyokwenda mbali, jiwe lililolowa linavyopokea mwanga tofauti na jiwe kavu, mnara uwe juu kiasi gani ili mlima nyuma yake usiumeze. Hiyo ni jiometri. Tuna ushahidi mzuri wa hilo kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa Nasmyth mzee, Mary Somerville, aliyesoma uchoraji kwake akiwa msichana mwishoni mwa karne ya 18. Amesimulia kwamba siku moja alimsikia mwalimu akiwashauri wanafunzi wengine wasome vitabu vya jiometri vya Euclid, Mgiriki wa kale, kwa kuwa ndiyo msingi wa kuonyesha umbali katika picha, na vilevile wa elimu ya nyota na mitambo. Maneno yale hayakuelekezwa kwake, lakini yeye ndiye aliyeyachukua. Akavitafuta vitabu hivyo kupitia mwalimu wa ndugu yake, akasoma usiku hadi wazazi wakaagiza mishumaa yake iondolewe. Akawa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa Uingereza katika zama zake. Darasa lile la mandhari ambalo leo tunaambiwa lilikuwa la kupamba wasichana kabla ya ndoa ndilo lililompa ufunguo wa hisabati, wakati mlango rasmi wa hisabati ulikuwa umefungwa kama ule wa darasa la mwili.

Hapa hujitokeza hoja nzito dhidi yangu, na inastahili kusikilizwa. Wanasema: sawa, dada hawa walifanya kazi, walilipwa, lakini walichora kwa mtindo wa baba. Miti yao ni miti ya baba, maziwa yao ni maziwa ya baba. Fundi anayerudia mtindo wa mwalimu wake hawi msanii wa kupewa ukumbi wa makumbusho ya taifa. Ni kweli walichora kwa mtindo wa baba. Ukiziweka picha za familia hii pamoja, kazi ya kuzitenganisha ni ngumu hata kwa wajuzi. Lakini kumbuka kwamba kulikuwa na kaka pia. Patrick Nasmyth, mkubwa wa watoto wote, alifunzwa nyumba ileile na baba yuleyule, akaenda London, akachora mandhari kwa kufuata wazi nyayo za Waholanzi wa karne ya 17, hasa Hobbema. Kwa kufuata huko alisifiwa. Walimwita Hobbema wa Uingereza, jina la heshima ambalo kwa kweli lina maana ya mtu anayefanana na mwingine. Patrick alipofuata mtindo wa mtu mwingine iliitwa urithi wa fani. Dada zake walipofuata mtindo wa baba yao iliitwa ukosefu wa ubunifu. Kipimo hakiwezi kubadilika ndani ya nyumba moja. Kama kufanana na mwalimu ni kasoro, basi mshusheni na Patrick.

Halafu kuna suala la jina, ambalo kwangu ni zito kuliko la ubora. Katika karakana ya familia, picha iliyosainiwa kwa jina la ukoo inaweza kuwa ya yeyote kati ya watu wanane. Herufi A ni ya Alexander, na ni ya Anne pia. Soko lina faida ya wazi ya kusoma herufi hiyo upande mmoja, kwa sababu picha ya baba huuzwa ghali kuliko ya binti. Si lazima pawepo mtu mwovu mwenye nia ya kuiba. Inatosha muuzaji awe na matumaini, mnunuzi naye awe na matumaini yaleyale, na katalogi inakiri wanalolitamani wote wawili. Baada ya minada mitatu au minne, picha ya Anne imekuwa ya Alexander, na anayetaka kujua Anne alichora nini anaambiwa hakuchora sana. Kisha uchache huo unatumika kuthibitisha kwamba hakuwa mchoraji wa kuzingatiwa. Hicho ndicho kinachonitia uchungu katika mjadala huu: ushahidi unaondolewa kwanza, halafu tunaulizwa ushahidi uko wapi.

Upande wa picha za sura za watu mambo hayakuwa tofauti, na mfano bora ninaoujua ni Margaret Carpenter. Alizaliwa Salisbury mwaka 1793 kwa jina la Margaret Geddes, baba yake akiwa na asili ya Edinburgh. Hakuwa na chuo cha kwenda. Alichokuwa nacho ni kasri la Longford lililokuwa karibu na kwao, ambako mwenyewe, Earl wa Radnor, alimruhusu kunakili picha za mabwana wa zamani zilizokuwa ukutani, kisha akamsaidia kwenda London. Kwa hiyo kwa mwanamke huyu kasri lilikuwa shule. Alipofika London alipata medali ya dhahabu ya Society of Arts, akaanza kuonyesha kazi Royal Academy mwaka 1814 na kuendelea hadi 1866. Miaka 52. Katika muda huo alitundika kwenye kuta za chuo kile picha zaidi ya 100, na chuo hakikumfanya mwanachama. Aliwachora vijana wa shule ya Eton, wachongaji, wachoraji wenzake, watu wa ukoo mkubwa. Mwaka 1836 alimchora Ada Lovelace, mwanamke anayetajwa kila panapoelezwa mwanzo wa programu za kompyuta, na ambaye katika hisabati aliongozwa na Mary Somerville yuleyule wa darasa la Nasmyth. Picha hiyo ni mali ya serikali ya Uingereza na imewahi kutundikwa nyumba ya waziri mkuu, Downing Street. Ukitafuta jina la Ada kwenye intaneti, hiyo ndiyo sura itakayokujia kati ya zile za mwanzo. Mamilioni ya watu wameiona, wakiwamo wanafunzi wetu wa kompyuta kwenye slaidi za mhadhara wa kwanza. Jina la aliyeichora haliandikwi chini yake.

Mumewe Carpenter, William, aliteuliwa mwaka 1845 kuwa mtunzaji wa picha za chapa na michoro katika British Museum, cheo cha heshima. Hata hivyo brashi ya mke haikupumzika, na kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, kabla ya mageuzi ya 1870 na 1882, kipato cha mwanamke aliyeolewa kilihesabiwa kuwa cha mumewe. William alipofariki mwaka 1866, Malkia Victoria alimpa mjane pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: utumishi wa marehemu mume, na ustadi wa mjane mwenyewe. Hata pale ambapo nchi ilimkubali kama msanii, baada ya nusu karne ya kazi, ilimkubali nusu, na nusu hiyo ikatajwa ya pili.

Nirudi kwa wanaopinga maonyesho haya, maana hoja zao hazina uzito sawa. Hoja yao nzuri kuliko zote ni kwamba kuwatenga wanawake kwenye ukumbi wao ni kuendeleza kutengwa kwao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hoja hii ina historia. Society of Female Artists ilipoanza kufanya maonyesho ya wanawake peke yao London mwaka 1857, kulikuwa na wanawake walioiona kuwa mtego, kwa sababu aliyekubali kuhukumiwa kando alikuwa amekubali kipimo cha kando. Mimi nakubali kwamba maonyesho ya aina hii yasigeuke makao ya kudumu. Lakini katika hatua ya sasa yanafanya kazi ambayo ukumbi wa mchanganyiko hauwezi. Picha moja ya kasri ya Barbara Nasmyth ikiwekwa kati ya picha 20 za wanaume inasomeka kama picha moja dhaifu au nzuri ya kasri. Ikiwekwa kati ya picha za wanawake wenzake wa karne nzima, mtazamaji anaanza kujiuliza mbona wote wako kwenye madaraja yaleyale ya chini, na hapo ndipo anapouona mlango. Hoja ya ubora nayo ina ukweli wake: picha nyingi ni za wastani. Picha nyingi za wanaume wa karne ya 19 ni za wastani pia, na zimejaa kwenye kuta za makumbusho hayohayo bila mtu kudai zijieleze.

Hoja dhaifu kabisa, inayorudi kila mara ikiwa na sauti ya upole, ni kwamba wanawake walipenda kwa asili mambo matulivu: maziwa, bustani, nyuso za watoto. Wanaoisema hawajamtazama Elizabeth Thompson, aliyekuja kuitwa Lady Butler. Mwaka 1874 alionyesha Royal Academy picha ya askari wa vita vya Crimea wakihesabiwa kwenye theluji baada ya mapambano, wamechoka, mmoja ameanguka. Watu walisongamana hadi polisi akawekwa kuilinda, na Malkia akainunua. Mwaka uliofuata mhakiki mkali kuliko wote, John Ruskin, alikiri hadharani kwamba aliiendea picha yake ya vita vya Quatre Bras akiwa na chuki tayari moyoni, kwa kuwa siku zote alikuwa akisema hakuna mwanamke anayeweza kupaka rangi, na kwamba picha ile ilimshinda. Mwaka 1879 Butler alikosa uanachama wa Royal Academy kwa kura mbili. Walimhofia mwanamke aliyekwisha kuonyesha kwamba anaiweza vita. Asili haikosi kwa kura mbili. Kura hupigwa na watu.

Lakini kambi ya washangiliaji nayo inahitaji kuambiwa ukweli, hata kama moyo wangu uko karibu nayo. Wanapozungumza juu ya hazina zilizogunduliwa, wanawasamehe waliozificha. Rosa Bonheur hakugunduliwa mwaka 2022. Picha yake ya soko la farasi, yenye upana wa mita tano, ilionyeshwa Paris mwaka 1853, ikazungushwa Uingereza, Malkia Victoria akaiona, na mwaka 1887 tajiri Cornelius Vanderbilt akainunua na kuipa Metropolitan Museum ya New York, ambako ipo hadi leo. Kwa mapato ya brashi yake Bonheur alinunua kasri la By, karibu na msitu wa Fontainebleau. Huko ndiko Empress Eugénie wa Ufaransa alikomfuata mwaka 1865 na kumvika mwenyewe nishani ya Légion d'honneur, ya kwanza kupewa mwanamke msanii. Mtu wa namna hiyo hasahauliki kwa bahati mbaya. Ni kweli ladha ilibadilika, na wanaume wa mtindo wake, akina Meissonier na Gérôme, walishuka pamoja naye wakati wale waliochora kwa mwanga na rangi zilizotawanyika walipopanda. Tofauti ni hesabu iliyofuata. Kushuka kwa Meissonier kulihesabiwa kuwa kushuka kwa mtindo. Kushuka kwa Bonheur kulitumika kama ushahidi juu ya wanawake wote.

Hesabu hiyo ilivuka bahari na kutufikia. Kitabu cha E. H. Gombrich cha historia ya sanaa, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1950 na kusomwa karibu kila mahali panapofundishwa kwa Kiingereza, hakikuwa na mwanamke msanii hata mmoja katika toleo hilo. Kile cha H. W. Janson cha 1962 hakikuwa naye pia. Nilifundishwa kutoka vitabu vya ukoo huo, na sikumbuki mtu yeyote darasani, mwalimu au mwanafunzi, aliyeuliza walikokwenda. Tuliyachukua mapengo yao kama ukweli kuhusu Ulaya, tukayabeba hadi kwenye namna tunavyotunza kumbukumbu za wachoraji wetu wenyewe.

Ndiyo maana naona kipimo cha maonyesho haya hakimo ukumbini, kimo kwenye makaratasi. Picha zitashushwa, hilo ndilo hatima ya maonyesho. Kinachoweza kubaki ni kazi ya katalogi: kila picha yenye jina la ukoo wa Nasmyth igeuzwe, nyuma yake isomwe, fremu na turubai vichunguzwe, na madai ya kwamba ni ya baba yatolewe upya kwa ushahidi badala ya mazoea. Daftari za mahesabu za wenye makasri zifunguliwe, kwa sababu aliyelipa huandika alimlipa nani, na aliyenunua picha ya ngome yake mwaka 1825 hakuwa na sababu ya kudanganya kuhusu jina la binti aliyemletea. Barua za wanafunzi wa York Place zitafutwe. Kazi hii haina fahari ya usiku wa ufunguzi, haina mabango, na itapunguza bei ya baadhi ya picha ambazo sasa zinaitwa za Alexander. Wenye nazo watapinga, na watakuwa na wanasheria. Kwa hiyo ninapoona makumbusho yanatangaza maonyesho mengine ya wanawake waliosahaulika, swali langu kwa wakurugenzi wake ni moja: mmeajiri watu wangapi wa kukaa na stoo yenu kwa miaka kumi, na mko tayari kubadilisha kibao cha picha hata pale anayeshuka ni mwanamume mliyemnunua kwa bei kubwa?